Ushuhuda wa Pili

Ushuhuda wa nyumba yetu nimeutoa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Alhamisi moja ya Julai 2022, jumuiya ilipokutana sebuleni kwetu Kigamboni. Rangi ya ukutani ilikuwa bado inanuka, na watu walikaa kwenye mikeka kwa kuwa makochi hatukuwa nayo. Nilisimama nikasema Bwana asifiwe, wakaitika. Nikaeleza jinsi tulivyopanga kwa miaka 9, jinsi mwenye nyumba wetu wa Mbagala alivyokuwa akitaka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, na jinsi Mungu alivyotufungulia mlango tukapata mkopo wa benki. Nililia kidogo. Akina mama wakapiga vigelegele, mmoja akaanzisha pambio.

Katika yote niliyosema jioni ile hamna hata neno moja la uongo. Hata benki sikuwaambia uongo, ukilichukua neno kwa neno. Naanza na hilo kwa sababu huenda nawe unayesoma una fomu mezani, na unajiambia yale niliyojiambia mimi.

Nilikuwa afisa takwimu katika mradi wa afya wa wafadhili. Aliyewahi kufanya kazi za miradi anaijua mikataba yake: mwaka mmoja mmoja, inaanza Oktoba mosi na kuisha Septemba 30, mnahuishiwa hivyo mpaka mradi wenyewe ufike ukingoni. Mimi nilikuwa nimehuishiwa mara 4. Februari 2022 mkurugenzi alituita ukumbini, akatushukuru mno (bosi akishukuru mno ujue lipo jambo), kisha akasema wafadhili hawatoi awamu nyingine. Septemba 30 tunafunga. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimegundua kwamba nina mimba, na hesabu ya kliniki ilionyesha mtoto atakuja katikati ya Oktoba.

Ya mimba nilimwambia Baba Eliya. Ya mradi sikumwambia.

Maombi yetu ya mkopo yalikuwa yamefika mbali. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, bei yake milioni 75. Tulishatafuta milioni 15, ile asilimia 20 ambayo benki ilitaka tuitoe wenyewe: fedha za kikoba changu, akiba ya Baba Eliya, na bei ya shamba alilorithi kwa baba yake. Mthamini alishakuja akapima, akapiga picha mpaka choo. Yalibaki mahojiano tu. Nilikuwa nikilala naiona ile baraza, nimeweka ndoo ya maji pale na hakuna wa kuniuliza nimechota ngapi. Nikajiambia kwamba kabla ya Septemba Mungu atanipa kazi nyingine, na kwamba kusema sasa ni kukosa imani. Nilikuwa naogopa tu, ila neno imani lilikuwa zuri zaidi.

Afisa mikopo alikuwa binti mdogo kwangu kwa umri, mpole, ana tabia ya kugongagonga kalamu mezani. Alipitia hati zetu za mshahara, barua za waajiri, taarifa za akaunti. Baada ya kodi, NSSF na ile asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo ambayo sisi tuliosomeshwa nayo tunakatwa, mimi nilikuwa napeleka nyumbani 1,460,000. Baba Eliya, fundi umeme wa kampuni, 940,000. Jumla 2,400,000. Mkopo wa milioni 60 kwa miaka 20, riba asilimia 17 kwa mwaka, rejesho lake ni kama 880,000 kwa mwezi. Akasema linabebeka.

Halafu akageuza ukurasa. "Dada, mkataba wako unaisha Septemba 30. Baada ya hapo inakuwaje?"

"Huwa wanahuisha kila mwaka."

Akaandika. "Na kuna badiliko lolote mnalolitarajia mwaka huu au ujao? Kazi, familia, masomo, mgonjwa wa kumtunza?"

Baba Eliya akanitazama. Alikuwa anafikiria mimba. Nikasema, "Hapana, tuko sawa," naye akanyamaza, maana mambo ya ofisini huniachia mimi.

Nimelifikiria sana lile neno huwa. Huwa wanahuisha. Ni kweli, walikuwa wanahuisha, mara 4. Aliniuliza ya mbele nikamjibu ya nyuma, na kwa kuwa jibu lilikuwa la kweli, hata sauti haikutetemeka. Kama ningelazimika kusema "watahuisha", nadhani ulimi ungenikwama.

Kuhusu mimba naomba nisieleweke vibaya. Mimba si ugonjwa wala kosa, na mpaka leo sidhani kama benki ina haki ya kumhukumu mtu kwa tumbo lake. Sheria inampa mama mwajiriwa likizo ya siku 84 kwa malipo, 100 akijifungua mapacha. Mwajiriwa lakini. Mimi nilikuwa naenda kujifungua wiki mbili baada ya kuacha kuwa mwajiriwa wa mtu yeyote, na mtu pekee aliyezijua tarehe zote mbili na kuzipanga pamoja ni mimi.

Tulisaini. Miongoni mwa karatasi zile ilikuwamo ya ridhaa ya mwenzi, ambayo Sheria ya Ardhi inaitaka nyumba ya familia inapowekwa rehani, ili asitokee mmoja akaiweka nyumba rehani mwenzake hajui. Mwanasheria alitusomea kwa sauti. Akatuuliza kama kila mmoja anaelewa anachokiingia. Baba Eliya akasema ndiyo, anaelewa. Nilitazama viatu vyangu.

Mama mkwe alikuja kutupongeza, kapanda pantoni pale Feri na kuku wawili mkononi. Akauliza kama aje akae nasi mtoto akizaliwa, anisaidie. Nikamwambia, "Mama, nyumba yenyewe unaiona ni ndogo." Akasema, "Haya, mwanangu," akarudi Tandika jioni ileile. Nalitaja hili hapa kwa sababu litarudi.

Septemba 30 ilikuwa Ijumaa. Nilirudi nyumbani na boksi: kikombe changu, viatu vya akiba, kalenda, cheti cha utumishi bora. Baba Eliya alikuwa ameshafika.

"Likizo imeanza mapema?"

"Mradi umeisha."

"Umeisha leo?"

"Leo."

Akalitazama boksi kwa muda mrefu. "Ulijua lini?"

Ningeweza kusema mwezi huu. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Sijui kwa nini nilisema Februari. Akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza: Februari, Machi, Aprili, mpaka Septemba. Vikafika vidole 8. Kisha akatoka, akaenda kukaa kwenye tofali nje ya geti mpaka giza likaingia. Hakunifokea. Ningefurahi angefoka.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Fao la kukosa ajira la NSSF, theluthi ya mshahara kwa miezi 6, lilikuwa karibu sawa na rejesho, likatuvusha mpaka Machi. Baba Eliya alikuwa mwema kwa mtoto na kwa Eliya, na kwangu alikuwa na adabu, kama mtu aliyepanga chumba nyumbani kwangu. Niliomba kazi huku na huku. Aprili tukabaki na mshahara wake peke yake: 940,000, toa rejesho 880,000, inabaki 60,000. Hiyo ni nauli yake ya mwezi, na hapo bado hujanunua unga wala maziwa. Tukauza friji, tukalipa nusu ya rejesho. Mei hatukulipa kitu. Juni vilevile, ikaja notisi ya siku 60, kwamba tusipolipa benki ina haki ya kuuza.

Na jumuiyani nilikuwa bado mfano. Kila akitokea anayetafuta nyumba, mzee wa jumuiya alisema, "Mama Eliya atatuongoza kwa sala, maana Bwana amemtendea." Nami nilisimama nikaomba. Naandika hili kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Notisi ikiwa chini ya godoro niliwaombea wenzangu wapate mikopo.

Alhamisi moja baada ya ibada binti mmoja alinifuata mpaka getini, akanipokea mkoba kwa kuwa nilikuwa nimembeba mtoto mgongoni. Alikuwa mwalimu wa shule binafsi, bado kijana, ameolewa mwaka uliotangulia.

"Shikamoo, Mama Eliya. Nina jambo."

"Marahaba. Sema tu, mdogo wangu."

Akaeleza kwamba yeye na mumewe wameomba mkopo wa nyumba. Mkataba wake unaisha Desemba, na ameshadokezwa kwamba hawatamwongezea. Benki itamuuliza. "Nilisikia ushuhuda wako mwaka jana nikatiwa moyo sana. Wewe walipokuuliza ulisemaje?"

Sikuwa na pa kutokea. Nikimwambia usiseme, namsukuma shimoni nilimo. Nikimwambia sema, ataniuliza kama mimi nilisema. Nilimjibu kwamba nitamwambia Alhamisi ijayo, nikaingia ndani, nikakaa jikoni bila kuwasha taa. Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Nilichosikia ni kwamba ushuhuda wangu ulikuwa unafanya kazi. Ulikuwa umeingia katika nyumba ya mtu mwingine na ulikuwa unamfundisha.

Usiku wa manane nilimwamsha Baba Eliya. Nikamwambia nataka kwenda benki.

"Kusema nini?"

"Yote. Na la Februari."

Akakaa kitandani. Nilidhani atasema haitasaidia. Akasema, "Twende wote." Tangu siku ya lile boksi sikuwa nimemsikia akisema wote.

Jumatatu tulivuka na pantoni ya asubuhi, mtoto mgongoni. Afisa alikuwa yuleyule, na alitukumbuka. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha, lakini yalitoka bila mpangilio: mkutano wa Februari, mimba, huwa wanahuisha, mume wangu asiyejua. Akaacha kugonga kalamu.

"Dada," alisema, "mngeniambia siku ile nisingewafukuza."

Akavuta kikokotoo. Mkopo wa milioni 35, alisema, rejesho lake ni kama 513,000. Mume wangu peke yake angeubeba, kwa taabu lakini angeubeba. Tungepata kitu kidogo zaidi, au tungesubiri nipate mkataba mwingine. Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimeuogopa mlango uliokuwa wazi.

Niliuliza kama anaweza kutuongezea miaka, kutoka 20 hadi 25, rejesho lishuke. Akakokotoa akanigeuzia nione: 863,000. Miaka 5 zaidi ya utumwa kwa nafuu ya elfu 17 kwa mwezi. Ndipo akatuonyesha kitu ambacho mimi, mtu wa takwimu, sikuwahi kukitazama katika jedwali tulilopewa tukitia saini. Katika rejesho letu la kwanza la 880,000, riba ilikuwa 850,000. Deni lenyewe lilipungua kwa elfu 30. Riba ikiwa ya asilimia 17 mwanzo wote ni hivyo, unalipa kodi ya fedha, na ukikosa miezi mitatu umerudi nyuma ya ulipoanzia. Nakusihi wewe mwenye fomu mezani, omba lile jedwali, na uusome mstari wa kwanza kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Akasema tuandike barua kwa kamati ya mikopo. "Andika yote. Na la Februari pia." Akatuonya waziwazi: mkataba unasema mkopaji akificha jambo la msingi benki inaweza kudai deni lote kwa mara moja. Barua hiyo inaweza kutusaidia, na inaweza kutumika dhidi yetu. Hakuahidi kitu. Tuliiandika palepale kwenye benchi la wateja, mimi nikitamka, Baba Eliya akiandika, kwa kuwa mtoto alikuwa ananyonya. Alipofika kwenye "mume wangu hakujua" kalamu ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Alhamisi nilimwambia yule binti kila kitu, pale pale getini. Sikumpa ushauri. Alinitazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu, akasema asante, akaondoka.

Wiki tatu tulingoja. Majibu yalipokuja yalisema hivi: miezi 6 tulipe 450,000 tu, kinachopungua kiongezwe kwenye deni, kisha mkopo upangwe upya kwa miaka 25. Adhabu za ucheleweshaji zimefutwa. Nilisoma mstari huo wa mwisho mara tatu. Hatukuwa tumeomba zifutwe, hatukujua hata kama zinaombeka. Sisemi kila benki itafanya hivyo, wala kila afisa angeibeba barua ya watu kama sisi mpaka mbele ya kamati. Sisi tulitendewa, na ukiniuliza kwa lipi sina la kukuonyesha.

Tukaamua kuipangisha nyumba. Mpangaji alipatikana kwa 350,000 kwa mwezi. Ya kulala sisi ikabidi twende Tandika, kwa mama mkwe, vyumba viwili na uwanja wa kufulia. Nilikuwa nikimtazama Baba Eliya akipakia magodoro kwenye kirikuu na nikisikia sauti yangu mwenyewe: Mama, nyumba yenyewe unaiona ni ndogo.

Hakuuliza kitu. Alitupa chumba chenye kitanda, yeye na Eliya wakalala kile kingine, mkekani. Siku ya tatu nilishindwa, nikamwambia nataka kumweleza kwa nini tumekuja. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Nilijua siku niliyowaona na magodoro. Mtoto chakula amekula?" Nikasema bado. Akasema, "Basi mpe kwanza." Nilimpa. Nilipomaliza alikuwa ameshaanza kunieleza habari za jirani. Mpaka leo hajanipa nafasi ya kuomba msamaha vizuri, na nimeanza kudhani anafanya makusudi.

Deni letu, baada ya miezi ile ya nafuu, lilifika zaidi ya milioni 65. Tulikopa 60. Rejesho jipya ni karibu 940,000, sawasawa na mshahara aliokuwa nao Baba Eliya tukisaini, na yeye ndiye aliyeliona hilo akacheka, kicheko chake cha kwanza cha kweli kwa karibu mwaka mzima. Kodi ya mpangaji inabeba sehemu, mshahara wake sehemu, na mimi nimepata kazi ya kuingiza takwimu, ya mkataba, unaoisha Juni. Aliyeniajiri nilimwuliza siku ya kwanza kama utahuishwa. Akasema hajui. Nikamwandikia yule afisa ujumbe nikamwambia hivyohivyo: hatujui.

Nimeruka jambo moja. Alhamisi ya mwisho kabla ya kuhamia Tandika, jumuiya ilikutana tena sebuleni kwetu. Makochi tulikuwa tumeshayauza, kwa hiyo watu walikaa kwenye mikeka, ileile ya mara ya kwanza. Mzee wa jumuiya akauliza kama yupo mwenye ushuhuda. Kimya kidogo. Nilikuwa na mtoto mapajani, amelala nusu, na nilijua nikimwinua atalia, nikaanza kuifanya hiyo kuwa sababu ya kutosimama.

Yule binti mwalimu alikuwa amekuja. Sikuwa nimemwona tangu siku ya getini. Baadaye nilisikia kwamba alisema benki, na wakamwambia arudi akipata mkataba mwingine, na kwamba yeye na mumewe bado wamepanga Kibada. Jioni ile sikuwa nalijua hilo. Niliona tu anasogea kwenye mkeka mpaka ubavuni kwangu, hasemi neno, ananyoosha mikono.

Nikampa mtoto, nikasimama.